Stata inaamshaje injini, na kwa nini taa kuwaka si ushahidi kwamba umeme unatosha

#1 Nati_Kumi (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki tatu mfululizo gari langu lilikuwa na jibu moja tu. Nageuza ufunguo: tak. Kimya. Nageuza tena: tak. Taa za mbele zinamulika kama kawaida, honi inalia, redio inaimba. Fundi wa kwanza akasema stata imekufa, nikanunua nyingine. Ikafanya kazi siku nne, ya tano asubuhi: tak. Fundi wa pili akasema hata hiyo niliyouziwa ni mbovu. Nikaona ninalipa watu wabahatishe, bora nibahatishe mwenyewe bure. Nikaanza kusoma, nikaifungua ile stata ya zamani mezani, na niliyoyaona nayaweka hapa. Kosa nililipata na nitalitaja, ila halitaeleweka bila kujua kwanza kifaa hiki kinafanyaje kazi.

Mota ya umeme ukiipa umeme inaondoka yenyewe kutoka kusimama. Injini ya petroli haina uwezo huo. Ili moto uisukume pistoni chini, pistoni inatakiwa iwe imeshashuka kuvuta hewa na mafuta, ikapanda kuvigandamiza, ndipo plagi ipige cheche. Injini inadai mshahara kabla ya kazi. Ikishawaka haina shida tena, kwa sababu pistoni iliyopata moto inazizungusha nyingine, na flaiwili, lile gurudumu zito mwishoni mwa injini, kwa uzito wake inabeba mwendo hadi moto unaofuata. Mizunguko ile ya kwanza ndiyo lazima mtu mwingine aitoe, na mtu huyo ni stata.

Stata haiizungushi injini kwa kasi kubwa. Kwa gari la kawaida ni kama mizunguko 200 hadi 250 kwa dakika, wakati injini ikishashika inakaa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye 700 hadi 900. Kazi ya stata ni kuifikisha pale ambapo moto unaweza kuidaka.

Sasa ukigeuza ufunguo, mfuatano ni huu. Umeme mdogo unapita kwenye waya mwembamba hadi kwenye solenoidi, ile kopo ndogo iliyopanda mgongoni mwa stata. Ndani yake kuna koili na chuma kinachoteleza. Koili ikiwa sumaku inakivuta chuma, na chuma hicho kinafanya kazi mbili kwa safari moja. Upande mmoja kinavuta uma unaosukuma gia ndogo, ile tunayoiita bendeksi, iende kuuma meno ya ringi gia kwenye flaiwili. Upande wa pili, mwishoni mwa safari yake, kinabana sahani ya shaba kwenye vituo viwili vinene. Hapo ndipo umeme mkubwa wa betri unapoingia kwenye mota yenyewe.

Utaratibu huo una maana: meno kwanza, nguvu baadaye. Mota ingeanza kuzunguka kabla gia haijaingia, kila asubuhi ungesikia kelele ya chuma kusaga chuma. Na kama jino likigongana na jino badala ya kuingia kwenye nafasi? Hilo nalo walilifikiria. Kuna springi katikati inayokubali kubonyea, chuma kinaendelea na safari, vituo vinagusana, mota inazunguka kidogo tu na gia inadondokea mahali pake.

Ile "tak" niliyokuwa naisikia ni chuma hicho kikifika mwisho wa safari. Kwa hiyo solenoidi yangu ilikuwa inafanya kazi. Hilo peke yake lilitakiwa limfanye fundi wa kwanza asite.

Gia ndogo ina meno kama 9 au 10, ringi gia ina zaidi ya 100. Mota inazunguka mara kumi na kitu ili injini izunguke mara moja, na ndivyo mota ya kubeba kwa mkono mmoja inavyoweza kupambana na kompresheni ya silinda nne.

Naishia hapa kwanza, nisije nikawachosha.

#2 Kobe_Mwendokasi

Mkuu hujachosha mtu. Ila umeniacha njia panda. Taa zinawaka, honi inalia, maana yake umeme upo. Sasa stata igome kwa nini kama siyo mbovu? Mimi fundi akiniambia hivyo ningenunua tu.

#3 Nati_Kumi

@Kobe_Mwendokasi hapo ndipo na mimi nilipoliwa. Taa zote mbili za mbele zinakula ampea 10 hivi. Stata ya gari dogo la petroli inapozungusha injini inakula ampea 100 hadi 200, na ile nukta ya kwanza kabisa, wakati bado imesimama, inaruka juu zaidi ya hapo.

Chukulia kwenye kiungo fulani kuna kutu au uchafu wenye ukinzani wa omu 0.01. Ni kidogo kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kuupima vizuri. Taa zikivuta ampea 10 kupitia hapo, zinapoteza volti 0.1. Jicho halioni tofauti. Stata ikivuta ampea 150 kupitia hapo hapo, inapoteza volti 1.5. Tayari stata ni nzito. Kutu ikiongezeka kidogo tu, haizunguki kabisa, na taa bado zinang'aa.

Kwa hiyo taa kuwaka inathibitisha kwamba umeme wa taa upo. Wa stata ni habari nyingine.

#4 Mzee_Spana

Nimefanya kazi hii tangu enzi za kaburata, sasa nimebaki kushauri tu. Kijana umeeleza vizuri, lakini umeiacha sehemu tamu kuliko zote, solenoidi. Umesema "koili" kana kwamba ni moja. Ndani mna mbili, zimezungushiwa pamoja. Moja ni ya kuvuta, ina waya mnene na inakula umeme mwingi. Ya pili ni ya kushikilia, waya wake ni mwembamba. Ukigeuza ufunguo zote mbili zinafanya kazi, maana kuanza safari chuma kinahitaji nguvu. Kikishafika na vituo vikagusana, ile ya kuvuta inajikuta ina volti sawasawa ncha zote mbili. Umeme haupiti tena, inajizima bila swichi yoyote. Inabaki ya kushikilia peke yake, na umeme uliookolewa unakwenda kwenye mota. Aliyebuni hilo alikuwa na akili.

Ukilielewa hilo, sauti ya betri dhaifu unaielewa bila kufungua bonneti. Ile "tatatatata". Betri ina nguvu ya kukivuta chuma. Kinafika, vituo vinagusana, mota inadai ampea mia na kitu, volti zinaporomoka. Koili ya kushikilia inakosa nguvu, springi inakirudisha chuma. Vituo vikiachana, mzigo umeondoka, volti zinapanda, chuma kinavutwa tena. Mara kadhaa kwa sekunde. Watu wanasema "stata inagonga", lakini wakati mwingi inayolia pale ni njaa ya betri.

Vijana wa siku hizi wanachomeka kompyuta kabla ya kusikiliza. Mimi nasikiliza kwanza. Tak moja nzito halafu kimya, mwambie mtu mwingine ageuze ufunguo nawe tazama taa. Zikifa kabisa, umeme unavutwa lakini betri haina, au kuna kitu kimekwama na mota haiwezi kuzunguka. Zikibaki vilevile hazitikisiki, basi umeme haufiki kwenye mota: vituo vya solenoidi vimeungua, kaboni zimekwisha, au njia ya waya ina ugonjwa. Ukisikia mota inalia "wiiii" kama feni na injini imetulia, bendeksi haiumi, au klachi yake inateleza. Ukisikia chuma kinasagwa, nenda kayaangalie meno ya ringi gia.

Na kama hakuna hata tak? Acha stata. Anza na swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei, swichi ya gia.

#5 BintiWaRenchi

Mzee wangu shikamoo. Hilo la swichi ya gia nalithibitisha. Gari yangu ni otomatiki, siku moja ikawa kimya kabisa, hata tak hakuna. Nikaanza kuangalia betri. Jirani akaniambia toa P weka N ujaribu. Ikawaka hapohapo. Kumbe kuna swichi inayohakikisha gari haipigi stata ikiwa kwenye gia, na yangu ilikuwa imechoka upande wa P. Wenye gia za mkono wanayo ya pedali ya klachi, kazi ni ileile.

Ila naomba kuuliza. Kwa nini otomatiki haiwashwi kwa kusukuma? Nimesukumwa hadi watu wakaishiwa pumzi.

#6 Mzee_Spana

Marahaba mwanangu.

Kwenye gia ya mkono, ukiweka gia ya pili na kuachia klachi, magurudumu yameshikana na injini chuma kwa chuma. Gari likisogea, injini lazima izunguke. Yaani magurudumu yamekuwa stata. Otomatiki za sasa zinabana klachi zake za ndani kwa presha ya oili, na pampu ya oili hiyo inaendeshwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imezima hakuna presha, bila presha hakuna kinachobana, magurudumu yanazunguka peke yake na injini haina habari. Waliokusukuma walifanya mazoezi tu.

Na wenye gia za mkono msijisahau. Gari la sindano za mafuta lenye betri iliyokufa kabisa hata ukilisukuma haliwaki, kwa sababu pampu ya mafuta na kompyuta vyote vinataka umeme.

#7 Dizeli_Tupu

Niongeze la huku kwetu kwenye dizeli. Sisi hatuna plagi ya cheche. Hewa inabanwa hadi inapata joto la kutosha dizeli iwake yenyewe ikipuliziwa. Petroli inabana kama mara 10, sisi mara 16 hadi 20 na zaidi. Stata inapambana na kitu kigumu zaidi, ndiyo maana stata ya dizeli ni kubwa, betri ni kubwa, na malori mengi yanatumia volti 24 ili ampea zisipande mno.

Halafu kwetu kasi ya stata ni suala la uhai. Ikizungusha polepole, hewa inapata muda wa kuvuja kwenye ringi za pistoni na kupoza joto lake kwenye kuta za silinda. Unasikia injini inazunguka kabisa, mafuta yanaingia, moshi mweupe unatoka, haiwaki. Watu wanabadilisha nozeli. Ni betri.

#8 Nondo_ya_Kati

Mimi naona mnazunguka sana. Yangu ikigoma nashuka na spana, naigonga stata mara mbili, naingia, inawaka. Mwezi wa nane sasa. Sijanunua chochote.

#9 Mzee_Spana

@Nondo_ya_Kati unajua unagonga nini?

Ndani ya stata kuna vipande vya kaboni vinavyosukumwa na springi vigusane na komyuteta, ule mviringo wa vipande vya shaba mwishoni mwa amecha, sehemu ya mota inayozunguka. Umeme wote unaingilia hapo. Kaboni inalika kila unapowasha gari. Ikishakuwa fupi, springi haina nguvu tena ya kuibana, au inakwama kwenye nyumba yake kwa vumbi lake lenyewe. Ukigonga, inashtuka na kugusa. Kesho unagonga tena. Utakuja kugonga siku kaboni yenyewe haipo, springi inakwangua shaba, na utatoka kwenye kununua kaboni mbili hadi kununua amecha.

Jambo jingine. Hizi stata ndogo za kisasa nyingi hazina koili za pembeni, zina sumaku za kudumu zilizogandishwa kwenye ganda, na ndani kuna gia za sayari za kuongeza nguvu. Ndiyo sababu ni nyepesi. Sumaku hizo aghalabu ni za kauri. Kauri na nyundo ni kama sahani na sakafu. Nimeshafungua stata nikamwaga vipande vya sumaku kama changarawe, na mwenye gari ananiapia "nilikuwa nagusa kidogo tu".

#10 Nondo_ya_Kati

Nagusa kidogo tu mzee 😅

Sawa, wiki hii naifungua.

#11 Shajara

Kwa wapenda historia. Kabla ya stata watu walipiga hendeli mbele ya gari, na hendeli iliumiza. Cheche ikitangulia kabla pistoni haijafika juu, injini inarudi nyuma kwa nguvu na hendeli inakwenda na mkono wako. Vifundo na mifupa ya mkono ilivunjika sana. Wazee walifundisha usizungushe kidole gumba upande wa pili wa mpini, kiweke upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi ikuponyoke.

Aliyefanikisha stata ya umeme ni Mmarekani Charles Kettering, mwaka 1911, na Cadillac za modeli ya 1912 zikatoka nayo. Kinachonivutia ni alikotoka. Kabla ya hapo alikuwa National Cash Register, alikotengeneza mashine ya kuhesabia fedha dukani inayofunguka kwa umeme. Watu waliamini mota ya kuzungusha injini ingelazimika kuwa kubwa mno kubebeka. Lakini kwenye ile mashine ya fedha alishajua kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo kupita kiasi chake, mradi ni kwa muda mfupi na inapata nafasi ya kupoa. Stata ni hilo wazo tu, limewekwa kwenye gari. Mtambo wake wa kwanza ulifanya kazi mbili: injini ikishawaka, mota hiyohiyo iligeuka jenereta ya kuchaji betri.

Jina "bendeksi" nalo ni la mtu, Vincent Bendix, aliyebuni gia inayojisukuma yenyewe kwa hesi pale mota inapoanza kuzunguka kwa ghafla. Magari ya sasa yanatumia uma wa solenoidi, lakini jina limegoma kutoka gereji.

#12 Nati_Kumi

@Shajara asante sana, hilo la "muda mfupi" linafungua mengi. Stata ya kawaida ya petroli inatoa kama kilowati 1, na inakula zaidi ya hiyo kutoka betri. Tofauti inageuka joto ndani ya kitu kisicho na feni wala maji ya kupoza. Sekunde mbili tatu haina neno. Ukishikilia ufunguo nusu dakika ukiomba Mungu, unaichoma. Sekunde 10 zikipita bila kuwaka achia, ipumzishe dakika moja au mbili, na hiyo nafasi itumie kujiuliza kama mafuta yapo.

Ile yangu ya zamani ina koili za pembeni, siyo sumaku. Koili hizo na amecha zimefuatana kwenye njia moja, kwa hiyo umeme uleule unaopita kwenye amecha ndio unaotengeneza sumaku ya pembeni. Ukiongeza umeme, pande zote mbili zinaongezeka nguvu kwa pamoja. Ndiyo maana inatoa nguvu kubwa kuliko zote ikiwa imesimama, pale hasa injini inapokuwa ngumu. Ikianza kuzunguka, inazalisha umeme wake wa kupinga ule unaoingia, na ampea zinashuka. Mota inayozunguka kwa tabu inakula zaidi ya ile inayozunguka kirahisi. Nilipoliona hilo nikaelewa kwa nini waya huwa wa moto siku gari linapogoma.

Hatari ya mota ya aina hii ni kwamba bila mzigo haina breki. Msiijaribu mezani bila kuifunga kwenye jiliwa. Yangu ilinirukia.

#13 Kobe_Mwendokasi

Swali la kijinga. Injini ikishawaka inazunguka haraka kuliko stata. Gia zimeumana. Si itaipasua?

#14 BintiWaRenchi

Siyo la kijinga kaka. Piga hesabu: ukiwasha ukakanyaga hadi mizunguko 3,000, na uwiano wa gia ni 12, amecha ingelazimishwa kuzunguka mara 36,000 kwa dakika. Nyaya zingechomoka na kujaa humo ndani. Kwa hiyo kwenye bendeksi kuna klachi ya upande mmoja, virola vidogo vimekaa kwenye vijia vilivyoinama. Mota ikiisukuma gia, virola vinabana. Gia ikianza kuikimbia mota, virola vinalegea na gia inazunguka bure. Ukiachia ufunguo, springi inairudisha nyumbani. Kama baiskeli, unaacha kukanyaga na gurudumu linaendelea.

Virola hivyo vikichakaa ndipo unapata ile "wiiii" aliyoisema mzee: mota inazunguka, klachi inateleza, injini imelala.

#15 Mgeni_Njiani

Yangu haina tatizo asubuhi. Tatizo ni nikizima ikiwa ya moto, mfano baada ya safari ndefu. Nikirudi baada ya dakika 10 haiwaki, nikisubiri saa moja inawaka. Ni stata?

#16 Mzee_Spana

Inategemea, na hujasema jambo muhimu kuliko yote: stata inazungusha au haizungushi?

Ikiwa inazungusha kwa kasi yake na injini haishiki, stata imemaliza kazi yake, iache. Tafuta kwenye mafuta na sensa ya krankishafti. Sensa hiyo ikipata joto inaweza kupoteza fahamu, na kompyuta isipoiona injini inazunguka haitoi cheche wala mafuta.

Ikiwa haizungushi, au inazungusha kama mgonjwa, basi stata na nyaya zake zinahusika. Nyingi zimekaa jirani na eksozi. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 40 kwa kila nyuzi 100 za joto. Solenoidi iliyokwishachoka asubuhi bado inavuta, mchana haiwezi. Dakika 10 baada ya kuzima ndipo joto linakuwa baya zaidi, kwa sababu maji na upepo vimesimama na joto la injini linapanda pembeni.

#17 Mgeni_Njiani

Inazungusha vizuri kabisa mzee. Kasi ileile.

#18 Mzee_Spana

Basi umehamia uzi mwingine mwanangu. Stata yako nzima.

#19 Kobe_Mwendokasi

Na haya magari ya haibridi, na yale yanayojizima kwenye foleni?

#20 BintiWaRenchi

Yanayojizima kwenye foleni mengi yana stata ya kawaida iliyoimarishwa, kaboni na bushi imara zaidi na betri ya kuhimili, maana inaitwa kazini mara nyingi kwa siku. Haibridi kamili kama Toyota Prius haina stata hii kabisa. Moja ya mota zake kubwa za umeme ndiyo inayoizungusha injini, kwa kasi kubwa na kimya, ndiyo maana huisikii ikiwaka.

#21 Mzee_Spana

Nati_Kumi, umetuzungusha vya kutosha. Toa kosa lako. Na utuambie ulilipimaje, maana wengi watasema "nilisafisha nyaya ikapona" bila kujua waya upi.

#22 Nati_Kumi

Haya.

Niliazima mita. Kwanza kwenye nguzo za betri, gari limezimwa na limelala usiku: volti 12.6. Betri imejaa. Nikamwomba mtu ageuze ufunguo (gia N, handibreki juu) huku natazama. Ikashuka kidogo tu, bado juu ya 12. Betri nzuri ikizungusha injini kweli inashuka, ila isiende chini ya 9.6 hivi. Yangu kutoshuka kulikuwa na maana kwamba hakuna anayeivuta kwa nguvu. Taa nazo hazikutikisika, kama mzee alivyosema.

Kisha nikaacha kupima betri nikapima nyaya. Hili ndilo lililoniponya, na halihitaji kufungua nati hata moja. Ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye boliti kubwa la stata. Geuza ufunguo. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani. Yangu ilisoma 0.2. Safi. Kisha upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, siyo kwenye kibano chake, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Geuza ufunguo. Inatakiwa isome chini ya 0.3.

Ikasoma karibu volti 6.

Nusu ya betri ilikuwa inaishia kwenye waya wa ethi unaotoka betri kwenda gia boksi. Nje ulikuwa mzuri, mpira mzima. Nikaukunja karibu na kituo chake ukalia kama majani makavu. Ndani shaba imegeuka unga wa kijani. Taa hazikuwa na habari, kwa sababu zenyewe ethi yake inakwenda kwenye bodi kupitia waya mwingine mdogo. Baada ya majaribio matatu kiungo kile kilikuwa cha moto, hakishikiki.

Nikaweka waya mpya, nikasugua gia boksi hadi chuma kikang'aa, nikafunga. Ikawaka kabla sijamaliza kugeuza mkono.

#23 Dizeli_Tupu

Ngoja. Mbona ile stata mpya ilifanya kazi siku nne? Waya si ulikuwa uleule?

#24 Nati_Kumi

Nilijiuliza hilo kwa siku mbili. Waya huo umefungwa kwenye boliti moja na stata. Fundi alipotoa stata aliufungua, akautupa pembeni, akaurudisha na kukaza upya. Kwa kuukunja na kuukaza, nyuzi chache zikagusana tena. Hata angerudisha stata ileile ya zamani, ingefanya kazi siku nne.

#25 Mzee_Spana

Hapo umenena. Na wenye magari ya zamani yenye kebo ya chuma ya mafuta au klachi: ethi ya injini ikifa, umeme hautulii, unatafuta njia nyingine ya kurudi betri. Nimeona kebo ya mafuta ikitoa moshi kwa sababu ampea za stata zilikuwa zinapita humo. Ukikuta kebo yako imeungua plastiki bila sababu, usibadilishe kebo peke yake.

#26 Nondo_ya_Kati

Nimerudi. Nimeifungua. Kaboni mbili zimebaki kama nusu kucha, moja imekwama kabisa. Sumaku bado nzima, namshukuru Mungu.

Nati_Kumi, ile ya zamani ulishaitupa?

#27 Nati_Kumi

Ipo. Nilipopata jibu niliipeleka mezani, nikaifunga kwenye jiliwa, nikaipa betri moja kwa moja. Ikarusha gia na kuzunguka vizuri kuliko ile mpya. Nimeisafisha, nimeiweka kaboni mpya kwa kuwa ilishakuwa wazi, na ndiyo iliyo garini sasa hivi. Ile niliyouziwa iko ndani ya boksi lake chini ya kitanda.